Hewa Haipunguzwi

Ndege ya abiria inaweza kupunguzwa karibu yote. Urefu hupunguzwa, upana wa mabawa hupunguzwa, unene wa mbavu zake, kipenyo cha magurudumu, hata herufi za usajili zilizoandikwa ubavuni. Ukitaka iwe ndogo mara kumi na mbili kuliko ya kweli, gawa kila kipimo kwa kumi na mbili, kalamu haitakugomea. Kitakachogoma ni hewa. Hewa itakayopita juu ya bawa lako dogo ni hii hii iliyoibeba ndege kubwa, kwa uzito ule ule na unata ule ule, na hakuna fundi wala kiwanda kitakachokupunguzia. Kazi ya kujenga ndege kubwa ya mfano yenye injini nne, ikarushwa kwa rimoti, imo yote ndani ya mgogoro huo. Ndiyo maana naihesabu miongoni mwa kazi za mikono zinazodai akili nyingi kuliko zote.

Nasema kujenga, si kuunganisha. Siku hizi mtu hununua sanduku lenye ndege ya povu iliyokwisha kuundwa, akaipachika mabawa, akatia betri na kuirusha kabla ya adhuhuri. Hakuna ubaya. Fundi ninayemsifu hapa huanza bila sanduku. Alicho nacho ni picha, michoro ya pande tatu, plaiwudi, fito za mti wa balsa, vitalu vya povu gumu, madumu ya epoksi, na gereji ambayo gari la nyumbani halitalala tena kwa miaka kadhaa. Ndege anayoitaka haiuzwi popote, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya kuitaka.

Tumfuate fundi huyo akiwa na ndege moja: Vickers Super VC10. Naichagua kwa sababu ni ngumu, kwa sababu ni nzuri, na kwa sababu ina undugu nasi.

VC10 ilibuniwa Weybridge, nje kidogo ya London, kwa ajili ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, na ya kwanza iliruka kutoka uwanja wa Brooklands tarehe 29 Juni 1962. Njia za BOAC za Afrika na Asia zilikuwa na viwanja vyenye joto, vilivyoinuka, na vyenye barabara fupi za kurukia. Nairobi peke yake ilikuwa somo tosha: zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya saba kuliko ile ya Mombasa, na jua la mchana likiipunguza tena. Hewa ikiwa nyepesi, bawa hubeba kidogo na injini husukuma kidogo. Wabunifu wakaziondoa injini zote nne mabawani wakazifunga mkiani, mbili kila upande, ili bawa libaki safi kutoka shina hadi ncha. Ukingo wa mbele ukapewa vipande vinavyochomoza, na wa nyuma ukapewa vingine vipana vinavyoteleza nje na kuinama, ndege ipate kuruka na kutua polepole. Injini zilipokwenda mkiani, bawa dogo la mkia halikuwa na pa kukaa ila juu kabisa, kileleni mwa usukani wima. Kwa hiyo umbo lile linalovutia macho halikuchorwa ili livutie. Ni jibu la swali lililoulizwa na viwanja vya aina ya Nairobi.

Baadaye viwanja vingi vilirefusha barabara zao ili vipokee Boeing 707, na ubora wa VC10 ukakosa mnunuzi. Zilijengwa 54 tu. Tano kati yake zilikuwa Super VC10 za East African Airways, shirika la Kenya, Tanzania na Uganda, zilizoanza kufika mwaka 1966. Usajili wake uligawanywa kama mali ya ndugu: mbili zilibeba 5X ya Uganda, mbili 5H ya Tanzania, moja 5Y ya Kenya. Moja, 5X-UVA, iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 wakafa. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 zile nne zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga na kugeuzwa ndege za kuwajazia wenzao mafuta angani. 5H-MOG, iliyokabidhiwa Februari 1970, ilikuwa VC10 ya mwisho kujengwa. Na ndege iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya aina hii, tarehe 25 Septemba 2013, ilikuwa ile iliyozaliwa kwa jina la 5H-MMT. Ya mwisho kujengwa na ya mwisho kuruka, zote mbili ziliwahi kubeba usajili wa Tanzania.

Fundi wetu basi ana la kufanya kabla ya kushika msumeno: kuipima. Michoro ya magazetini hugongana; mmoja unalipa paji la ndege mviringo ambao mwingine haujui. Picha nayo hudanganya, maana lenzi hunenepesha kilicho karibu. Dawa ni kwenda ilipo. Makumbusho ya Brooklands yana VC10 iliyokuwa ya serikali ya Oman, ambayo Sultan Qaboos aliitoa ikarudi ilikozaliwa mwaka 1987. Makumbusho ya Duxford nayo yana moja yenye rangi za BOAC. Ile 5H-MOG yetu ilipostaafu mwaka 2013 ilipelekwa Dunsfold, Surrey, mkoa ule ule wa Brooklands. Mafundi wa namna hii hujulikana makumbushoni: hawapigi picha ya ndege nzima. Huinama chini ya tumbo, huweka rula kando ya ribiti na kupiga picha ya ribiti, hukata kadibodi polepole mpaka ifuate mkunjo wa mlango wa gurudumu, kisha huikunja na kuitia mkobani kama hati ya shamba.

Halafu ndipo hesabu. Tuchukue kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Ndege yenye urefu wa mita 52.3 inakuwa mita 4.36, mabawa ya mita 44.5 yanakuwa mita 3.7. Hii tayari ni ndege inayojaza chumba, lakini urefu ndio sehemu nyepesi ya hesabu. Eneo la bawa hupungua kwa kumi na mbili mara kumi na mbili, kutoka mita za mraba 272 hadi 1.9 hivi. Uzito, ukifuata ujazo, hupungua kwa kumi na mbili mara kumi na mbili mara kumi na mbili, yaani 1,728. Super VC10 iliyoshiba mafuta na abiria ilikuwa na tani 152, kwa hiyo mfano wake unapaswa kuwa na kilo 88. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipoonyesha kwa nini mfupa wa mnyama mkubwa hauwezi kuwa mfupa wa mnyama mdogo uliorefushwa tu. Vitu vikibadilika ukubwa, havibadiliki kwa mwendo mmoja.

Kilo 88 fundi hazitaki. Sheria ya Uingereza humwekea mpaka wa kilo 25. Akiuvuka, anahitaji kibali maalumu cha mamlaka ya anga. Marekani nako mpaka wa kawaida ni paundi 55, ambazo ni kilo hizo hizo. Lakini hata pasingekuwa na sheria angekimbilia wepesi, kwa sababu ya jambo ambalo jicho la mtazamaji hulitambua bila kujua jina lake: mwendo.

Tuseme ndege kubwa inatua kwa kilomita 240 kwa saa. Ili ndogo ionekane inatua kwa utulivu ule ule, ingebidi ije kwa kilomita 20, mwendo wa baiskeli. Hewa haikubali. Ikiwa na kilo 88, mfano huo ungetua kwa karibu kilomita 70, kwa kuwa mwendo hupungua kwa kipeuo cha pili cha kumi na mbili tu, si kwa kumi na mbili kamili. Ikiwa na kilo 25, fundi hodari ataishusha hadi kilomita 50 na kitu. Bado ni mbio kuliko jicho linavyotaka, lakini kila kilo aliyoikwepa huirudisha ndege hatua moja kuelekea utukufu wa ile kubwa. Ndiyo maana katika ufundi huu wepesi ni suala la sura sawasawa na rangi.

Saa nayo haikai sawa. Mtikisiko au kona inayochukua sekunde 7 kwenye ndege kubwa huchukua sekunde 2 kwenye ndogo. Wahandisi hulitumia jambo hili kwa faida: kituo cha NASA cha Langley, Virginia, kilijenga mfano wa ndege ya abiria wenye asilimia 5.5 ya ukubwa, ukiwa na uzito uliopangwa kwa uangalifu, ili wachunguze namna ndege inavyopoteza udhibiti bila kuhatarisha rubani. Walichokiona kikienda haraka walikirefusha kwa hesabu, wakapata mwenendo wa ile kubwa. Rubani wa gerejini hana muda wa hesabu hiyo. Amesimama majanini na rimoti kifuani, na ndege yenye sura ya kiongozi wa dini inatenda mambo kwa wepesi wa kijana. Lazima mkono wake utangulie jicho.

Kisha kuna lile jambo ambalo Osborne Reynolds aliliweka wazi Manchester mwaka 1883, akitazama uzi wa rangi ukipita ndani ya maji kwenye bomba la kioo: mara uzi umenyooka, mara umevurugika. Namba inayobeba jina lake hulinganisha msukumo wa hewa inayokwenda na unata wa hewa hiyo hiyo. Bawa la VC10 inapotua lina namba inayokaribia milioni 28. Bawa la mfano wetu lina kama laki tano, na nchani, ambako bawa limepungua hadi upana wa kiganja na nusu, laki mbili au chini yake. Kwa ndege ndogo, basi, hewa ni kama nzito zaidi, kaidi zaidi, nyepesi kukata tamaa na kuliachia bawa. Mkato wa bawa uliobuniwa Weybridge kwa ajili ya mwendo unaokaribia wa sauti, ukinakiliwa kwa uaminifu wote na kupunguzwa, huwa bawa baya.

Hapa ndipo fundi hutenda tendo ninalolisifu kuliko yote. Anaiacha nakala. Umbo la bawa likitazamwa kutoka juu hulihifadhi hadi milimita: mlalo wake wa kurudi nyuma, mahali linapovunja pembe, mviringo wa ncha. Lakini mkato wake, ule ambao huonekana tu ukilikata bawa kama mkate, huubadilisha kabisa. Huunenepesha, huuviringisha mbele, na kulisokota bawa zima taratibu ili ncha itazame chini kwa digrii mbili au tatu kuliko shina. Sababu ya msokoto huo ni ya uhai na kifo. Bawa lililolala nyuma likipunguza mwendo mno, ncha ndizo hufa kwanza. Na kwa kuwa ncha ziko nyuma ya kitovu cha uzito, zikifa pua hupanda, mwendo hupungua zaidi, na ndege huangukia upande mmoja. Ncha zikitazama chini, shina hutangulia kufa na rubani hupata onyo. Hakuna mtazamaji uwanjani atakayeuona udanganyifu huu. Nao ndio unaoruhusu kweli nyingine zote ziruke.

Mkia mrefu nao una historia ya maombolezo. Tarehe 22 Oktoba 1963 ndege ya majaribio ya BAC One-Eleven, yenye injini nyuma na mkia wa juu kama VC10, ilianguka Wiltshire na kuwaua wote saba waliokuwamo. Pua ilipopanda mno, hewa iliyovurugwa na mabawa iliufunika mkia, na usukani ukakosa cha kushika. Mwigaji wa umbo hilo huirithi hatari yake pia. Kwa hiyo fundi huweka kitovu cha uzito mbele kidogo kuliko hesabu inavyomtaka, na hujiapiza kutoipunguza mwendo kwa ajili ya kupendeza watu.

Kitovu hicho ndicho bwana mkali wa gereji. VC10 ina mota nne nyuma, usukani mrefu nyuma, na bawa zima la mkia limekaa kileleni. Kila gramu inayotumika mkiani hulipwa mara mbili: yenyewe, na mwenziwe atakayewekwa puani kuisawazisha. Utamkuta fundi akitoboa matundu kwenye plaiwudi ya mkia hadi ibaki kama wavu, akibadilisha skrubu za chuma kwa za plastiki, akipima kipande cha balsa kwa mizani ya sonara kabla ya kukikata. Betri zote huzisukuma mbele kabisa, chini ya chumba cha marubani, ili uzito ambao hana budi kuubeba ufanye kazi ya uzito ambao angeuongeza bure.

Sasa mikono. Kiwiliwili hujengwa kwa mataruma na fito, kama chombo cha baharini, na yeyote aliyetazama jahazi likiundwa Lamu au Nungwi angezielewa hatua zake bila mkalimani. Mataruma ya plaiwudi nyembamba, kila moja na duara lake, husimamishwa juu ya kitanda kilichonyooshwa kwa pima maji. Fito hupitishwa toka pua hadi mkia. Halafu ngozi ya balsa hulowekwa, huviringishwa, hubanwa na kungoja. Duara la VC10 kwa kipimo hiki ni karibu sentimita 31, na ni kwenye pua na mkia, ambako mikunjo miwili hukutana, ndipo ngozi ya mbao hukataa. Hapo fundi hubandika vipande vyembamba kimoja kimoja, au huchonga povu, hulifunika kwa kitambaa cha fibaglasi na epoksi, kisha hulikomba povu lote kutoka ndani, libaki ganda.

Mabawa hukatwa kwa waya wa moto. Waya mwembamba hunyooshwa, umeme hupitishwa, nao hulipenya povu kama wazo. Lakini shina la bawa ni refu na ncha ni fupi, kwa hiyo mwisho mmoja wa waya lazima uende haraka kuliko mwingine, na wote wawili wafike pamoja. Mafundi huziandika namba kwenye kingo za kuongozea, idadi moja kila upande. Mtu mmoja husimama kwenye shina, mwingine kwenye ncha, wakaita kwa sauti: tatu, tatu na nusu, nne. Akichelewa mmoja, povu huyeyuka shimo. Ni kazi ambayo mke na mume, au baba na binti, huifanya kwa upole wasioujua mezani. Ndani ya bawa hupita bomba la kaboni la kuyaunganisha mabawa mawili uwanjani, maana ndege yote ni lazima ifunguke vipande vitakavyoingia kwenye gari dogo la mizigo. Kiungo kikilegea nusu digrii, bawa la kushoto litabeba zaidi ya la kulia, na ndege itaishi maisha yake yote ikiegemea upande.

Injini zina madhehebu mawili. Dhehebu la umeme huweka feni ndani ya bomba. Feni ya milimita 90 hukaribia upana wa Conway, injini ya VC10 ya kweli, uliogawanywa kwa kumi na mbili, na nne za namna hiyo, kila moja ikisukuma kilo tatu au zaidi, zinaitosha ndege ya kilo 25 ikiwa barabara ni ndefu. Dhehebu la pili huchoma mafuta ya taa katika turbini ndogo zinazozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Miongoni mwa walioufungua mlango huo ni Kurt Schreckling wa Ujerumani, aliyejenga turbini ya nyumbani iliyofanya kazi ikiwa na gurudumu la kusukumia hewa la plaiwudi lililoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Wataalamu wenye shahada walikuwa na sababu nzuri za kudhani haitawezekana. Hapa mpangilio wa VC10 humlipa fundi fadhila: injini zake zimekaribiana na mstari wa kati, kwa hiyo moja ikizima angani ndege huyumba kidogo tu. Mwenzake anayejenga Boeing 747 akizimikiwa na injini ya nje kabisa huwa na sekunde chache za kuamua.

Magurudumu sitayasimulia sana, ingawa hula miezi. Miguu mikuu ya VC10 ina magurudumu manne kila mmoja, nayo hujikunja kuelekea tumboni. Hakuna duka lenye miguu hiyo, kwa hiyo fundi humtafuta rafiki mwenye mashine ya kukereza, na urafiki hupimwa.

Ngozi ya nje ndiyo sehemu inayowapa wengi kishawishi. Ribiti yenye kichwa cha milimita 6 hapa ni nusu milimita. Wapo wanaozidondosha elfu kwa elfu kwa sindano iliyojaa gundi nyeupe, safu kwa safu, juma hadi juma. Lakini eneo lote la nje la ndege hii ni kama mita za mraba 9. Kila mpako wenye gramu 100 kwa mita ya mraba huongeza karibu kilo nzima. Kwa hiyo fundi mwenye busara hupaka rangi na kuifuta kwa msasa mpaka ibaki ile tu isiyowezekana kuondolewa, na huuliza mtazamaji atasimama wapi. Ndege ikiwa angani umbali wa mita 50, ribiti hazionekani. Kinachoonekana ni kivuli cha mkunjo, uwiano wa madirisha, na namna mkia unavyokutana na kiwiliwili. Hivyo ndivyo anavyovitendea haki. Anayeweka kila ribiti na kukosea mkunjo wa pua ameandika kila herufi na kuipoteza maana.

Siku ya kuruka haifiki ghafla. Uingereza, ndege zinazozidi kilo 25 hukaguliwa zikiwa bado mifupa, kwa utaratibu unaosimamiwa na Large Model Association, kisha huruka safari za majaribio kabla ya kuonyeshwa hadharani. Hata iliyo chini ya mpaka huo, fundi makini huipa vipokezi viwili vya mawimbi na betri mbili za udhibiti, huifundisha la kufanya ikipoteza mawasiliano, huikimbiza ardhini bila kuiruhusu iinuke. Rafiki husimama begani akimsomea muda na mwelekeo wa upepo. Halafu nishati husukumwa, zile feni nne huimba sauti zisizolingana mpaka zikawa sauti moja, na kitu kilichokuwa mbao na hesabu huondoka ardhini. Dakika tano au sita baadaye kimerudi. Miaka kwa dakika sita: hesabu hiyo huwashangaza wasiojenga, na wajenzi hawana jibu zaidi ya kuchaji betri upya.

Watasema ni mchezo. Historia ina neno juu ya hilo. Mwaka 1871 Alphonse Pénaud aliirusha mbele ya watu, Paris, ndege ndogo iliyoendeshwa na mpira uliosokotwa, yenye mkia wa kuisawazisha yenyewe. Ilikuwa imetatua suala la utulivu angani zaidi ya miaka thelathini kabla ya mtu kurushwa na injini. Ndugu Wright walipewa na baba yao kichezeo cha kuruka kilichofuata ubunifu wa Pénaud, mwaka 1878, wakajaribu kukijenga kikubwa zaidi na kukiona kikikataa kuruka. Wavulana hao walikutana na kanuni ya ukubwa kabla ya kujua ina jina. Ndege ilikuwa mfano kabla haijawa ndege.

Lakini sitaki kuitetea kazi hii kwa faida zake peke yake. Thamani yake iko katika aina ya uaminifu inaoufundisha. Mwenye kunakili hudhani uaminifu ni kutobadilisha kitu. Fundi wa ndege ya mfano hujua, kwa sababu hewa humwadhibu asipojua, kwamba nakala kamili ya kila kipimo ingekuwa kitu kisichoruka, na VC10 isiyoruka si VC10. Ili awe mwaminifu kwa ndege hiyo inambidi achague pa kuisaliti: mkato wa bawa, uzito, pembe ya ncha. Na hawezi kuchagua bila kujua kila mstari uliwekwa kwa nini. Makumbusho hutunza chuma. Fundi huyu hutunza sababu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika gereji hii ulimwengu ni hewa.

Ndiyo maana natamani kazi hii iote mizizi kwetu pia, katika vyuo vya ufundi na katika nyua za nyumba. Kwamba bawa la VC10 lilichorwa kwa ajili ya viwanja kama Nairobi, mwanafunzi anaweza kulikariri kwa dakika moja na kulisahau baada ya mtihani. Akijenga bawa moja tu, akalirusha Tanga asubuhi na kulirusha tena Nairobi mchana, akaona barabara iliyomtosha pwani ikimpungukia bara, atakuwa na ujuzi ambao mtihani hauufikii. Hahitaji kuanza na mita nne. Povu la kukingia televisheni linakatika kwa waya wa moto vizuri tu, mota ndogo inapatikana, na mamlaka ya anga ya nchi yake ndiyo itakayomwambia wapi na kwa kibali gani aruke. Ndege yake ya kwanza itaanguka, karibu hakika. Aviokote vipande vyote, hata vile vidogo vilivyotawanyika majanini, avipange mezani kwa mpangilio wake. Kosa lake lote limeandikwa humo, na akilisoma vizuri ataanza kuijenga ya pili kabla gundi ya ile ya kwanza haijaisha kwenye chupa.